Silabi Moja, Kaboni Moja: Jinsi ya Kuisoma Kemia ya Kaboni Mwaka wa Kwanza

Utangulizi

Kila mwaka, wanafunzi wanaoanza shahada ya sayansi au ya ualimu wa sayansi hukutana na somo ambalo sifa zake huwatangulia darasani: kemia ya kaboni, ambayo wengine huiita kemia ogania. Waliowatangulia huwaambia kwamba ni somo la kukariri, kwamba lina majina marefu yasiyotamkika, na kwamba aliyelifaulu alibahatika tu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba somo hili lina sarufi, na kwamba mwenye kuijua sarufi hana haja ya kubahatisha.

Msomaji anaweza kuuliza: Idara ya Kiswahili inatafuta nini maabarani? Tuna sababu mbili. Kwanza, kikwazo cha mwanzo katika somo hili ni cha lugha. Mwanafunzi hushindwa kusoma jina la kitu kabla hajashindwa kukielewa kitu chenyewe. Pili, katika Afrika Mashariki kuna silabi moja ya kemia ambayo watu wamekufa kwa kutoijua maana yake. Tutaifikia silabi hiyo hapa chini. Mifano yetu mingi imetoka Jinja, Mbale na barabara iunganishayo miji hiyo, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu hupita huko.

Somo lenyewe ni lipi?

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, wataalamu wengi waliamini kwamba vitu vinavyopatikana katika miili ya viumbe haviwezi kutengenezwa pasipo nguvu fulani ya uhai. Mwaka 1828, Mjerumani Friedrich Wöhler alitengeneza urea, kitu kinachopatikana katika mkojo, bila ya kuhitaji mnyama wala figo. Imani ile ikaanza kudhoofika. Leo tunasema tu kwamba somo hili huchunguza misombo ya kaboni, iwe imetoka katika jani, katika mfupa au katika kiwanda.

Kwa nini kaboni ipewe somo lake peke yake? Kwa sababu atomu yake hufunga bondi nne, yaani hushikana na majirani kwa mikono minne, na hupenda kushikana na kaboni nyingine. Hivyo hujenga minyororo mifupi na mirefu, yenye matawi na isiyo na matawi, na hata pete. Kutokana na tabia hiyo, misombo ya kaboni inayojulikana huhesabiwa kwa mamilioni.

Katika eneo letu somo hili si geni. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, kina kitivo cha sayansi. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, huandaa walimu wa sayansi katika tawi lake la Nagongera, wilayani Tororo, na kina kitivo cha sayansi za afya mjini Mbale. Mwanafunzi aliyetoka Busoga College Mwiri, karibu na Jinja, au Nabumali High School, karibu na Mbale, huwa ameshaonja kemia ya kaboni katika kidato cha tano na cha sita. Lakini chuoni swali hubadilika. Shuleni aliulizwa zaidi ni nini hutokea kitu hiki kikikutana na kile. Chuoni huulizwa kwa nini hutokea, na kwa njia gani. Anayeendelea kukariri majibu ya swali la kwanza hujikuta hana jibu la swali la pili.

Majina hunyambulika

Tuanze na majina, kwa kuwa hapo ndipo sisi watu wa lugha tunapoweza kutoa msaada. Chukua neno la Kiswahili "hatutawasomea". Asiyejua Kiswahili huona mkururo wa herufi. Anayekijua huona ha- ya kukanusha, -tu- ya mtendaji, -ta- ya wakati ujao, -wa- ya mtendewa, mzizi -som-, -e- ya kutendea, na kiishio -a. Hakuna aliyelikariri neno hilo zima. Tumejifunza vipande, na vipande hujipanga kwa kanuni.

Wanafunzi wetu wa mashariki wana ujuzi huu hata kabla ya kujifunza Kiswahili. Msoga anajua kwamba Musoga ni mtu mmoja, Basoga ni watu, Busoga ni nchi yao na Lusoga ni lugha yao. Vivyo hivyo Mmasaaba hutofautisha Bamasaaba na Lumasaaba pasipo kufikiri. Mzizi ni mmoja, na kipande kidogo hubadili maana yote.

Majina ya kemia ya kaboni yamejengwa kwa namna hiyohiyo. Mwaka 1892 wanakemia walikutana Geneva kuweka kanuni za majina, na kazi hiyo iliendelezwa na umoja wao wa kimataifa ulioundwa mwaka 1919. Ni kazi inayofanana na ile ya Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar: watu wengi walihitaji kuelewana, hivyo kanuni moja ikahitajika.

Mzizi wa jina hutaja idadi ya kaboni katika mnyororo mkuu. Meth- ni kaboni moja, eth- ni mbili, prop- ni tatu, but- ni nne. Kuanzia tano hutumika namba za Kigiriki na Kilatini: pent-, heks-, hept-, okt-, non- na dek-. Baada ya mzizi huja kipande kinachotaja aina ya bondi kati ya kaboni. Kipande -an- huonyesha kwamba bondi zote ni moja moja, -en- huonyesha kwamba ipo bondi maradufu, na -ain- kwamba ipo ya mara tatu. Mwishoni huja kiambishi cha kundi la msombo: -oli kwa alkoholi, -ali kwa aldehaidi, -oni kwa ketoni, -oiki kwa asidi.

Sasa tujaribu jina linalotisha: 3-methilibutan-1-oli. Anza na butan-, kaboni nne zenye bondi moja moja. Kisha 1-oli: kundi la oksijeni na haidrojeni, OH, limeshika kaboni ya kwanza. Mwisho 3-methili: tawi la kaboni moja limeota kwenye kaboni ya tatu. Ukichukua kalamu unaweza kuuchora msombo huu hata kama hujawahi kuuona. Hamira huutengeneza kwa kiasi kidogo wakati pombe inapochachuka. Ukiunganishwa na asidi ya siki hutoa kitu chenye harufu ya ndizi mbivu, ile harufu ya bogoya unayoisikia sokoni.

Herufi zilezile, maneno tofauti

Mada nyingine inayowatatiza wanafunzi ni isoma, yaani misombo yenye atomu zilezile zilizopangwa tofauti. Kwa herufi nne, a, i, l na m, Kiswahili hutupa mali, lima, imla na lami. Idadi ya herufi haikubadilika. Kilichobadilika ni mpangilio, na hakuna atakayeichanganya mali na lami.

Kaboni mbili, haidrojeni sita na oksijeni moja zinaweza kupangwa kwa njia mbili. Oksijeni ikikaa pembeni, ikiwa imeshika kaboni moja na haidrojeni moja, tunapata ethanoli, ile alkoholi ya vinywaji, ambayo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi. Oksijeni ikikaa katikati ya kaboni mbili, tunapata etha ambayo huchemka kwenye nyuzi 24 hivi chini ya sifuri. Katika joto la Mbale, ya kwanza ni kimiminiko na ya pili ni gesi. Kwa hiyo mwanafunzi asiridhike na fomula inayohesabu atomu tu. Aulize kila mara: nani ameshikana na nani?

Kutoka Jinja hadi Mbale

Baada ya majina huja makundi tendaji. Kundi tendaji ni sehemu ya molekuli ambako mabadiliko mengi hutokea, kama OH ya alkoholi. Mnyororo unaweza kuwa mfupi au mrefu, lakini kundi likiwa lilelile, tabia hufanana. Ndiyo maana kozi nzima hupangwa kwa makundi: haidrokaboni, alkoholi, aldehaidi na ketoni, asidi, esta, amini. Msafiri wa Jinja kwenda Mbale huyapita karibu yote.

Mashariki ya mji wa Jinja lipo shamba la miwa la Kakira, ambako kiwanda cha familia ya Madhvani kilianza kutengeneza sukari mwaka 1930. Sukari ya mezani, sukrosi, ina fomula C12H22O11. Ni glukosi na fruktosi zilizoshikana. Hizo mbili nazo ni isoma: kila moja ni C6H12O6. Sukari isiyoganda hubaki katika molasi, na hamira huigeuza kuwa ethanoli na kaboni dayoksaidi: molekuli moja ya glukosi hutoa mbili za ethanoli na mbili za gesi hiyo. Kakira hutengeneza ethanoli kutokana na molasi yake. Ng'ambo ya Mto Nile, huko Njeru, kiwanda cha bia hutegemea mmenyuko huohuo, na mama anayechachusha ulezi kwa ajili ya sherehe za imbalu huko Bugisu hutegemea huohuo pia.

Ukishika barabara ya Tirinyi, unavuka bonde la Mpologoma lenye majimaji na mashamba ya mpunga. Katika tope lisilofikiwa na oksijeni, vijidudu huozesha majani na kutoa methani, haidrokaboni ndogo kuliko zote: kaboni moja na haidrojeni nne. Ndugu zake wakubwa, propani na butani, ndio waliomo katika mtungi wa gesi ya kupikia.

Ukifika Mbale unakutana na kahawa ya arabika ya Mlima Elgon, zao ambalo Chama cha Ushirika cha Bugisu kimelishughulikia tangu miaka ya 1950. Kafeini iliyomo ina pete mbili zenye atomu za nitrojeni. Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kutoka katika kahawa mwaka 1819. Kahawa ya robusta, inayolimwa Busoga, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Jina la kitaalamu la kafeini linabeba kipande trimethili, yaani matawi matatu ya kaboni moja moja. Msomaji aliyetufuata hadi hapa hana haja ya kuelezwa kipande hicho kimetoka wapi.

Kufuata elektroni

Majina yakishaeleweka, huja sehemu ambayo ndiyo moyo wa kozi: njia za mmenyuko. Hapa mwalimu huchora mishale iliyopinda ubaoni, na hapa ndipo wengi huanza kunakili bila kuelewa. Kanuni yenyewe ni fupi. Mshale huonyesha safari ya elektroni, wala si safari ya atomu. Huanzia penye elektroni nyingi na kuishia penye upungufu wa elektroni.

Tuchukue sabuni. Jinja kuna kiwanda cha Bidco kinachosindika mafuta, yakiwemo mawese ya visiwa vya Ssese. Mafuta ni esta: molekuli moja ya gliseroli imeshikwa na minyororo mitatu mirefu ya asidi. Ukiyachemsha pamoja na sodiamu haidroksaidi, ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki, unapata sabuni na gliseroli. Mwanafunzi anaweza kukariri sentensi hiyo. Lakini kwa nini hutokea hivyo?

Katika esta, kaboni moja imeshikana na oksijeni kwa bondi maradufu. Oksijeni huvutia elektroni upande wake, hivyo kaboni ile hubaki na upungufu. Haidroksaidi inayo elektroni za ziada. Basi mshale wa kwanza hutoka kwenye haidroksaidi kwenda kwenye kaboni. Kaboni haiwezi kubeba bondi tano, kwa hiyo elektroni za bondi maradufu husukumwa juu ya oksijeni. Oksijeni hiyo inaporudisha bondi yake, kipande cha gliseroli hulazimika kuondoka. Kinachobaki ni chumvi ya asidi ndefu, yaani sabuni.

Faida ya kuelewa ni kwamba maelezo hayohayo, pamoja na mabadiliko madogo, yanatosha mahali pengine. Vidonge vya aspirini vilivyopata unyevu hunuka siki kwa sababu aspirini ina esta ambayo maji yameivunja. Mafuta tunayokula huvunjwa tumboni kwa namna inayofanana, ila huko kimeng'enya ndicho kinachoharakisha kazi. Aliyekariri atahitaji kurasa tatu kwa mambo hayo matatu. Aliyefuata elektroni atahitaji moja.

Silabi inayoua

Sasa tufike kwenye lile tulilolitaja mwanzoni. Methanoli na ethanoli zinatofautiana kwa silabi moja katika jina na kwa kaboni moja katika molekuli. Zote mbili ni vimiminiko visivyo na rangi, na zote hulevya. Mnywaji hawezi kuzitenganisha kwa macho wala kwa ulimi. Mwezi Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Mwaka 2010, makumi ya watu walifariki katika eneo la Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Wengine walionusurika na sumu hii katika matukio mbalimbali hubaki vipofu.

Kemia ya mwaka wa kwanza inatosha kueleza sababu. Ini huziondolea alkoholi haidrojeni, na kundi la -oli hugeuka kuwa -ali, kisha -oiki. Ethanoli huwa ethanali, halafu asidi ethanoiki, ambayo ni ile ya siki, na mwili unaimudu. Methanoli hupita njia hiyohiyo: huwa methanali, halafu asidi methanoiki, ile iliyomo katika sumu ya sisimizi. Asidi hii mwili huiondoa polepole mno. Hujikusanya, huchafua damu na kuharibu neva za macho. Kwa kuwa mabadiliko hayo huchukua muda, mtu anaweza kuamka akidhani ana uchovu wa pombe tu, kumbe saa zinakwenda. Kuona ukungu baada ya kunywa ni dalili ya kukimbilia hospitali mara moja. Madaktari wanayo matibabu ya kukizuia kimeng'enya cha ini kisiigeuze methanoli, nayo husaidia zaidi yakianza mapema.

Wapo wanaosema kwamba mpishi hodari wa waragi anaweza kuiondoa methanoli kwa kumwaga matone ya mwanzo. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na ethanoli kwenye 78. Pengo la nyuzi 13 halitoshi kuzitenganisha kabisa kwa pipa na bomba, hasa pale mfanyabiashara asiye na huruma anapokuwa ameongeza methanoli ya viwandani kwa makusudi.

Mtu wa kuyaeleza mambo haya kijijini ni nani? Mara nyingi ni mwalimu wa sekondari au mhudumu wa afya aliyesoma kozi tunayoizungumzia. Ikiwa aliikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau, watu wake watabaki na uvumi. Ikiwa aliielewa lakini hana maneno ya kuieleza nje ya Kiingereza, watabaki na uvumi vilevile.

Namna ya kulisoma somo hili

Kutokana na hayo tunapendekeza yafuatayo kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza:

1. Jifunze mizizi kumi ya namba na viishio vya makundi katika wiki ya kwanza. Hii ndiyo sehemu pekee ya kukariri kama jedwali la kuzidisha.

2. Chora kwa mkono kila siku. Kila jina uligeuze kuwa mchoro, na kila mchoro uwe jina. Kutazama mchoro wa mwenzako si kuchora.

3. Tengeneza maumbo. Donge la udongo wa mfinyanzi na vijiti vinne vya kiberiti vinatosha kuonyesha jinsi bondi za kaboni zinavyoelekea pande nne. Mada ya molekuli zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto haieleweki kwenye karatasi bapa.

4. Kabla ya kuchora mshale, uliza: elektroni zimezidi wapi, na zimepungua wapi? Kisha funga daftari uandike njia nzima kwenye karatasi tupu.

5. Mweleze mwenzako kwa Kiswahili, Lusoga au Lumasaaba. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, lakini ukikwama katika kueleza kwa lugha yako, hapo ndipo ulipokuwa umekariri.

Wanafunzi wetu wa Kiswahili nao wana kazi yao. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na istilahi nyingi zimekuwapo tangu hapo. Hata hivyo, mmoja husema msombo na mwingine kampaundi, na viambishi vya aina ya -an- na -en- huchanganywa ovyo, kana kwamba irabu moja si kitu. Katika kemia irabu hiyo ndiyo inayotenganisha bondi moja na bondi maradufu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto watakaokisoma watahitaji siku moja kusoma kwa Kiswahili onyo lililobandikwa kwenye chupa, na mfasiri wa onyo hilo hatakuwa na ruhusa ya kukosea silabi.

Hitimisho

Tumeona kwamba kemia ya kaboni ina mizizi, viambishi na kanuni za kupanga, na kwamba nyuma ya majina kuna safari za elektroni zinazofuata mantiki moja. Tunawahimiza wanafunzi wa sayansi wasione haya kuleta maswali yao ya istilahi katika idara yetu, na wale wa Kiswahili wasiogope kuingia maabarani kuuliza kitu kinaitwaje na kwa nini. Kazi ya kuanzia tunaipendekeza hii: mwanafunzi mmoja wa kemia na mmoja wa Kiswahili wakae pamoja, waandike ukurasa mmoja unaoeleza tofauti ya methanoli na ethanoli, kisha wamsomee mtu ambaye hajasoma hata moja kati ya masomo hayo mawili. Akiweza kuwarudishia maelezo kwa maneno yake mwenyewe, wote wawili watakuwa wamefaulu.